Mama Mgumu na Mama Mpole

Je, upendo waweza kumdhuru yule apendwaye? Swali hili halijibiwi kwa haraka, hasa mwenye kupenda anapokuwa mama.

Ubongo wa binadamu, pamoja na kamba ya mishipa ya fahamu ipitayo ndani ya uti wa mgongo, umefunikwa na tando tatu. Waganga wa kale walioandika kwa Kiarabu waliziita "mama". Katika karne ya 12 jina hilo lilitafsiriwa kwa Kilatini, na madaktari wanalitumia hadi leo. Utando wa nje ni mama mgumu, wa ndani ni mama mpole. Wa kati umepewa jina la buibui. Chini ya huo wa buibui kuna maji, yapata mililita 150 kwa mtu mzima, ambamo ubongo huelea usigongwe na mfupa.

Tando hizo zikivamiwa na vijidudu, twasema mtu ana homa ya uti wa mgongo. Ili kumjua adui, daktari huchoma sindano mgongoni na kuvuta maji hayo kidogo. Hapo ndipo mvutano huanza.

Hapa Nzuguni kijana wa jirani yangu aliugua hivyo: homa, kichwa, shingo kukakamaa. Hospitalini mama yake aliikataa sindano siku nzima; kijana akawa anapewa dawa za kukisia tu. Jioni muuguzi mmoja aliketi naye, akamwuliza:

"Mama, unaogopa nini?"

"Mwanangu, mtoto wa dada yangu alichomwa hiyo. Kesho yake hakuiona."

Muuguzi hakumcheka. Alimweleza kwamba wanaochomwa aghalabu wamekwisha kuzidiwa, hivyo ugonjwa huua na sindano ikasingiziwa. Tena huchomwa chini, kiunoni, mahali ambapo ile kamba imekwisha kukoma. Mama akakubali. Kijana alipona, ila sikio moja halisikii.

Majirani wakanong'ona: mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi naona methali hiyo hakustahili kutupiwa. Ugonjwa huu huweza kuziba masikio hata ya aliyetibiwa mapema. Tena mama yule hakuwa mjinga. Alikuwa na ushahidi wa macho yake mwenyewe. Alichokosa ni mtu wa kuupima pamoja naye. Kutwa nzima aliletewa karatasi atie saini, wala hakuna aliyemwuliza kwa nini anakataa.

Kwa hiyo nasema hivi. Kulinda ni kazi ya upendo, na asiyeambiwa ni nani abishaye hodi hana kosa kuukaza mlango. Lakini akishaambiwa kwa subira na kwa lugha yake, kisha akaendelea kuukaza, hapo halindi tena aliyemo ndani. Analinda hofu yake.