Mzigo wa Mwenzio

Wahenga wa pwani walituachia msemo mfupi: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usufi ni mwepesi. Kanda likijaa pomoni, hata mtoto hulinyanyua. Ndivyo tabu ya mtu mwingine inavyoonekana machoni pa aliyeketi kivulini. Msemo huu haumtukani mtu. Unaonya tu kwamba jicho la asiyebeba si mizani ya kuaminika. Leo napenda tuutumie kupima jambo moja jema linalofanyika katika miji yetu, jambo ambalo likiachwa bila busara huweza kuwa dhuluma ndogo isiyoonekana: jioni ambayo klabu ya huduma ya jamii humwalika msemaji aje kusimulia vita vilivyopiganwa katika wilaya yao.

Vilabu hivi tunavijua. Rotary ilianzia Chicago mwaka 1905 na ikafika Nairobi mwaka 1930. Lions ilifuata huko huko Marekani mwaka 1917. Wanachama wake ni madaktari, wafanyabiashara, walimu, mawakili na mameneja wa benki, watu wenye shughuli nyingi ambao hata hivyo hutenga saa moja au mbili kukutana hotelini. Kengele hugongwa, wageni hutambulishwa, na sajini wa klabu hupita akiwatoza faini waliochelewa na waliosahau beji, watu wakacheka, fedha ikaingia mfukoni mwa hisani. Baadaye huja taarifa za kisima, madawati, upimaji wa macho, chanjo ya polio. Kisha msemaji wa siku hupewa nafasi yake. Ni utaratibu mzuri, na anayeubeza hajawahi kuona kisima kilichochimbwa kwa fedha za namna hiyo.

Msemaji akiwa mtafiti wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na mji wenyewe ukiwa Tanga, Moshi, Voi au Taveta, simulizi hujulikana itakakopita. Ataanza na Novemba 1914, Jenerali Aitken wa Waingereza aliposhusha Tanga askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, wakakutana na kikosi cha Wajerumani na askari wao Waafrika kisichozidi sana watu 1,000, wakarudishwa baharini. Hapo atasimulia nyuki waliochokozwa kwa risasi wakawashambulia wapiganaji, na ukumbi utacheka. Atapanda hadi kilima cha Salaita karibu na Taveta, Februari 1916. Atateremka Rufiji ilikozamishwa manowari ya Wajerumani, Königsberg, Julai 1915, aeleze jinsi Wajerumani walivyoitoa mizinga yake kumi mtoni wakaenda nayo nchi kavu. Atamaliza na Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akisalimisha silaha Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kusimama Ulaya. Makofi, picha ya pamoja, chakula.

Msemaji huyo hajasema uongo hata kidogo. Lakini mtu mzima aliyelelewa vizuri, akisikia kwamba mizinga ile ilitolewa mtoni, huuliza: iliburutwa na nani? Mmoja wa mizinga hiyo upo Fort Jesus, Mombasa, watalii hupiga picha kando yake. Chuma kile hakikutembea chenyewe. Mamia ya watu walikivuta kwa kamba na mabega, katika tope na joto la Rufiji, na jina la hata mmoja wao halitajwi pale mzinga ulipo.

Hapo ndipo vita vile vilipokuwa. Nchi ilikuwa na mbung'o, farasi na ng'ombe wa mizigo wakafa kwa maelfu. Reli zilikuwa chache, na mvua za masika zilipokuja barabara ziligeuka mito. Kilichobaki ni kichwa cha mwanadamu. Hesabu yake ni rahisi na inatisha. Mpagazi alibeba kilo 23 hivi. Alihitaji karibu kilo moja ya chakula kila siku ili aweze kutembea. Akienda siku 11 na kurudi siku 11, amekaribia kuumaliza mzigo wote kwa tumbo lake mwenyewe, na askari aliye mbele hajapata kitu. Basi ili gunia moja lifike kwenye mstari wa vita, palihitajika watu wengi nyuma yake, na wengine nyuma ya hao, wanaolisha wanaolisha. Kadiri jeshi lilivyozidi kuingia ndani ya nchi, ndivyo vijiji vilivyozidi kukamuliwa.

Waingereza peke yao waliwatumia wapagazi na vibarua wapatao milioni moja, kutoka Kenya ya leo, Uganda, Tanganyika yenyewe, Malawi, Zambia na kwingineko. Kambi zao zilikuwa pale tunaponunua nguo na mchele leo, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Mwanzoni wapo waliokwenda kwa mshahara na kwa kupenda kuona dunia. Mwaka 1915 serikali ya Waingereza katika Kenya ya leo ilitunga sheria ya kuwachukua watu kwa nguvu, na mwaka 1917 ukafanywa msako mkubwa, machifu wakaamriwa kutoa idadi, vijana wakakimbilia msituni au wakachukuliwa shambani na jembe mkononi.

Waliokufa wanahesabiwa kuwa zaidi ya 95,000, na wanahistoria wengi huamini idadi hiyo ni ndogo kuliko ukweli. Risasi haikuwa muuaji wao mkuu. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi, na chakula. Mtu aliyekulia ndizi au mtama alipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, akaupika harakaharaka usiku baada ya kutembea mchana kutwa, pengine bila sufuria ya kutosha na bila kuni kavu. Tumbo lilichubuka, akadhoofika, na kesho yake mzigo ulikuwa ule ule. Afisa aliyepanga safari ofisini aliandika kilo 23 kwa kila kichwa, akaona ni kanda la usufi.

Upande wa Wajerumani haukuwa na huruma zaidi. Nao walichukua watu, nafaka na mifugo popote walipopita, na wapagazi wao wengi hawakulipwa kitu. Huko Ugogo, katikati ya Tanzania ya leo, majeshi yote mawili yalipita yakikomba ghala na mazizi, ikafuata njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, kuanzia 1917 hadi karibu na 1920. Jeshi la Wabelgiji nalo lilipoingia Tabora Septemba 1916 lilikuwa limekuja juu ya vichwa vya wapagazi wa Kongo. Tumezoea kusema wapiganapo tembo wawili nyasi huumia. Kwa vita hivi methali hiyo ni ya upole mno. Nyasi hukanyagwa kwa kuwa zimeota mahali pa ugomvi. Hawa walifuatwa majumbani mwao, wakafungwa kamba, wakaambiwa wawabebe tembo.

Sasa turudi kwenye meza ya klabu. Watu walioketi pale wanajivunia neno moja: kujitolea. Na wana haki. Mwanachama wa Rotary huchagua siku yake, huchagua mradi wake, huvaa fulana yake, hupiga picha kisimani, jioni hurudi kulala kwa mkewe au mumewe. Anaweza kusema mwezi huu sina nafasi, na hakuna atakayemfunga kamba. Uhuru huo wa kukataa ndio unaoipa huduma yake thamani. Mpagazi wa 1917 alihudumu kuliko sote, lakini alinyang'anywa uhuru wa kusema hapana. Kwa hiyo anayetaka kuijua huduma vizuri hana darasa bora kuliko habari za watu hawa. Zinamfundisha kwamba kazi ile ile, ya kubeba unga umfikie mwenye njaa, ni ibada kwa aliyependa na ni utumwa kwa aliyeshurutishwa. Pia zinamfundisha kujiuliza, kila anapopeleka msaada kijijini, nani huko anaamriwa kubeba matofali na kuchota maji ya ujenzi ili mgeni mheshimiwa aje kukata utepe.

Wapo watakaosema: hayo ni ya kale, tena ni ugomvi wa Wazungu, mla ni mla leo, mla jana kala nini? Wengine watatumia maneno mazuri zaidi, tenda wema nenda zako, usingoje shukurani. Lakini ushauri huo wazee walimpa mtendaji ili asiwe mtumwa wa sifa. Hawakumpa aliyetendewa ruhusa ya kusahau. Tena hapa kuna deni, si hisani. Mishahara ya maelfu ya wapagazi waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Majina yao mengi hayakuandikwa, au yaliandikwa vibaya kiasi kwamba hakuna aliyeweza kutafutwa. Makaburi yao mengi yaliachwa yarudi kuwa pori kwa uamuzi wa wakubwa wa wakati ule, huku katika makaburi ya vita ya Moshi, Taveta na Dar es Salaam askari wa Kizungu akiwekewa jiwe lenye jina, kikosi na tarehe. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri yenyewe: wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi. Imechukua zaidi ya miaka mia moja kwa neno hilo kutamkwa.

Na sisi wenyewe tusijifiche nyuma ya makosa ya wakoloni. Sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam imesimama tangu 1927, bunduki mkononi, na tunaipita kila siku kwenda kazini. Nairobi angalau sanamu ni ya watu watatu, na mpagazi ni mmoja wao. Lakini sanamu zote hizo ziliwekwa na watawala. Tangu tujitawale, je, ni miji mingapi imechonga jiwe la wapagazi wake kwa fedha yake na kwa lugha yake?

Rotary wana maswali manne ya kupima wanayofikiri, kusema na kutenda, yaliyotungwa mwaka 1932 na Herbert Taylor, mfanyabiashara wa Chicago aliyekuwa akijaribu kuokoa kampuni iliyoelekea kufilisika. Kwa ufupi yanauliza: ni kweli? Ni haki kwa wote wanaohusika? Yataleta nia njema na urafiki? Yatawafaa wote? Vilabu vingi huyasoma kila mkutano. Nashauri yasomwe mara ya pili, baada ya msemaji wa vita kuketi. Nyuki wa Tanga ni kweli, naam. Lakini je, simulizi iliyotaja majenerali watano na wapagazi sifuri ni haki kwa wote wanaohusika? Je, inaleta urafiki kati ya mjukuu wa aliyebebwa na mjukuu wa aliyebeba, ambao pengine wameketi meza moja na hawajui? Swali la pili peke yake likijibiwa kwa uaminifu, hotuba nzima itaandikwa upya.

Wala sisemi wataalamu wa vita wasialikwe. Waalikwe, tena kwa heshima, maana bila wao hata hizo tarehe tungezikosa. Ila pembeni ya mtafiti mwenye ramani aketishwe mzee au bibi mwenye habari ya nyumbani: babu yake alichukuliwa msimu gani, alirudi au hakurudi, mama yake alilimaje shamba peke yake, mahari ya shangazi ilicheleweshwa kwa nini. Ramani inaonyesha jeshi lilipopita; mzee anaonyesha lilipogusa. Na asiitwe kama kiburudisho cha baada ya chai. Apewe dakika sawa na za mtafiti, nauli yake ilipwe, na maneno yake yarekodiwe kwa ruhusa yake.

Maiti haulizwi sanda, walisema wazee. Anayestahili heshima hasubiriwi aiombe, hasa asipokuwa na kinywa cha kuombea. Wapagazi wetu hawatakuja kugonga kengele ya klabu kudai zamu yao ya kusemewa. Wajukuu wao wamebaki, nao wanazeeka. Mwenye miaka themanini leo ndiye wa mwisho aliyemsikia babu yake akisimulia mwenyewe.

Basi neno langu kwa vilabu vyote vya huduma, na kwa vikundi vya makanisa na misikiti, na kwa walimu wa historia: katika mpango wa mwaka, kando ya kisima na madawati, wekeni daftari. Nendeni kijiji kwa kijiji mkaulize nani alikwenda kubeba na hakurudi. Andikeni jina, ukoo, mahali alipotoka, na jina la aliyewaeleza. Majina yakipatikana, yasomeni kwenye mkutano kabla msemaji wa vita hajaanza, kisha myapeleke shuleni na kwenye maktaba ya wilaya. Gharama yake ni ndogo kuliko ya chakula cha jioni kimoja hotelini. Na klabu ambayo itamaliza kazi hiyo itakuwa na haki ya kusema, bila mtu kuinunia, kwamba imehudumia jamii yake.