Amana ya Maarifa

Tangu mwaka 2001, Tim Berners-Lee, mwasisi wa Wavuti, na wenziwe walipotangaza azma ya kuiwezesha mitambo kufuata maana ya maandishi, badala ya kuyahifadhi tu, wafanyabiashara wengi wameona humo fursa ya kuanzisha kampuni, nami siwalaumu, kwa kuwa kutafuta riziki kwa akili ni halali. Swali linalonishughulisha moyo ni la milki: maarifa yaliyochangwa na umma ni mali ya nani?

Kampuni ya Metaweb, ya San Francisco, iliifungua Freebase mwaka 2007, ghala ambamo watu wa kila namna walitia bure habari za miji, vitabu na wanadamu, zikafungamanishwa hata kompyuta ikaweza kuzifuata. Mwaka 2010 Google ikainunua kampuni hiyo, na mwaka 2016 ghala likafungwa. Kwa insafu, idhini ya kuzitumia habari hizo ilikuwa wazi kwa wote. Walakini bei ililipwa kwa wenye kampuni, si kwa waliochanga, na amana, kwa sharia na kwa murua, haiuzwi na aliyekabidhiwa. Ndiyo maana naipendelea njia ya wakfu: Wikidata, ghala la namna hiyo lililoanzishwa mwaka 2012 chini ya Wakfu wa Wikimedia, halina hisa za kuuzwa, na sehemu ya habari za Freebase ilihamia huko.