Msafiri wa Peke Yake: Kabiria hata Magadi

 

Baadhi ya vijana wetu wa Kabiria, ikifika siku ya mapumziko, hupanda gari au pikipiki peke yao, wakatembea nchi kutwa nzima na kurejea jioni. Wazee wengine wamelikataza jambo hili moja kwa moja, wakisema kuwa msafiri wa peke yake ni shetani. Na vijana wamelijibu neno hilo kwa kicheko. Pande zote mbili zimefanya haraka.

Hadithi waliyoitegemea wazee ipo, wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Hali kadhalika Bukhari amepokea kwa Ibn Umar kuwa Mtume (S.A.W.) alitahadharisha madhara ya mtu kusafiri usiku pekee. Lakini katika mlango huo huo Bukhari ameweka habari ya Zubeir bin Awwam, aliyejitolea siku ya Handaki kwenda kuleta habari za adui, na Mtume akamsifu kwa hilo. Maulamaa wameyakusanya mapokezi haya kwa kutazama sababu: apatwaye na maradhi au mauti peke yake hana wa kumuuguza, wala wa kumwosha na kumzika, wala wa kufikisha wasia wake kwa jamaa.

Basi tuitazame njia ya Magadi, ambayo vijana huipenda. Ni mwendo wa yapata kilomita 100. Kabiria hewa ni ya baridi, na vishamba vya sukumawiki vimebanwa baina ya nyumba za ghorofa. Ukipita Ngong na Kiserian, ukafika Kona Baridi, nchi hukatika ghafla mbele yako na Bonde la Ufa likafunuka chini. Tangu hapo ni kushuka, hata utakapofika ziwani utakuwa umeteremka zaidi ya mita 1,000. Majani mabichi hupungua, migunga huchukua mahali pa miti mirefu, joto hupanda, na watu ni wachache, isipokuwa wachungaji wa Kimasai na mifugo yao.

Njiani iko Olorgesailie, ambapo Louis na Mary Leakey walianza kazi ya kuchimbua katika miaka ya 1940. Mawe yaliyochongwa kwa mikono yametapakaa hapo kwa wingi, na umri wake wakadiriwa kwa mamia ya maelfu ya miaka. Palikuwa na ziwa; leo ni vumbi jeupe. Wako Waislamu wanaoogopa kusikia hesabu hizo, nami sioni wanaogopa nini, kwani katika Sura ya Ankabut, aya ya 20, tumeamrishwa tuende katika ardhi tutazame jinsi uumbaji ulivyoanza. Apitaye hapo kwa kasi asishuke amekosa alichokifuata.

Kisha Magadi yenyewe. Kina mama zetu walikuwa wakitia magadi katika chungu cha maharage bila kuuliza yatokako. Na kampuni ya kuyachimba katika ziwa hili ilianza mwaka 1911. Ziwa ni jeupe kama lililomwagiwa chumvi, mahali pengine lina rangi ya waridi, na heroe wamesimama ndani yake. Katika chemchemi zake, ambazo maji yake ni makali, na mengine yapita nyuzi 40 za joto, wanaishi samaki wadogo wa jamii ya perege. Nani awalishaye humo?

Lakini kijana aliyeharibikiwa na gari baina ya Olorgesailie na Magadi adhuhuri, hana maji, simu haishiki, na nyumbani hakuna ajuaye alikokwenda, yeye ndiye hasa waliyemhofia maulamaa. Si ajabu mtu huyo ukamkuta ametundika hirizi kwenye kioo cha gari na gurudumu la akiba halina upepo! Mtume (S.A.W.) alimfundisha bedui amfunge ngamia kisha ategemee. Kumfunga ngamia leo ni kukagua breki kabla ya mteremko wa Kona Baridi, kubeba maji ya kutosha, kumwambia mzazi au jirani njia utakayoshika na saa ya kurudi, na kugeuka mapema ili usiku usikukute huko. Mwenye kuyafanya haya, na akaenda mchana, mimi simkatazi. Na akipata wawili wa kufuatana naye ni bora zaidi.

Yabaki suala la sala, ambalo tumeulizwa mara nyingi. Safari hii yapita masafa ya kupunguza kwa madhehebu ya Imamu Shafi, yaani kilomita 80 na kitu, basi Adhuhuri na Alasiri ni rakaa mbili mbili, na yafaa kuzikusanya. Lakini atokaye bila kujua aendako, akazurura tu, hapunguzi. Hivyo auweke mwisho wa safari moyoni kabla ya kutoka mjini. Ama maji ya ziwa, kubadilika kwake ni kwa asili ya mahali yalipo, kama maji ya bahari, hayajatoka katika utohara. Ila yakichelewa kuidhuru ngozi au la, huenda yakaidhuru, kwa hivyo atumie aliyoyabeba. Akiyahitaji hayo kwa kunywa, atayamamu. Wala asipige mikono juu ya ule weupe wa ziwani, kwani magadi si udongo. Atafute vumbi la barabarani, nalo huko halikosekani.