Jicho la Mhasibu Mtandaoni

Asubuhi hii mwaloni Rumonge, Burundi, mitumbwi inateremsha ndagala. Mchuuzi analipa kwa Lumicash, huduma ya fedha kwa simu, mvuvi anasubiri ujumbe uingie. Fedha imehamia kwenye simu, na mwizi ameifuata huko huko: anapiga, anajiita mfanyakazi wa kampuni ya simu, anaomba namba ya siri.

Nasema nawe mkaguzi, nawe afisa wa mikopo, unayejiuliza kama unaweza kuhamia usalama wa mitandao. Tazama mfano huu: Februari 2016, wezi walijipenyeza kwenye kompyuta za Benki Kuu ya Bangladesh, wakaagiza fedha zake zilizowekwa New York zihamishwe. Dola milioni 81 zilifika Ufilipino. Lakini milioni 20 zilizoelekezwa Sri Lanka zilizuiwa, kwa kuwa mtu wa benki aliona jina la mpokeaji limeandikwa vibaya, akauliza.

Jicho hilo unalo. Umezoea kuhoji: nani ameidhinisha? Kwa nini mtu mmoja aombe malipo na kuyapitisha mwenyewe? Tukiibiwa, hasara ni kiasi gani? Mlinzi wa mtandao naye huanzia hapo hapo.

Kilichobaki kinafundishika: kompyuta zinavyowasiliana, nywila zinavyoibwa, kumbukumbu za mfumo zinavyosomwa. Usiache kazi, anza kwa kukaa na fundi wa kompyuta wa ofisini kwako, umuulize. Na leo hii mwambie mama anayekuuzia mawese: namba ya siri haipewi mtu yeyote, hata ajiite nani.