Cha Kufunua na Cha Kusitiri

Masomo: Mwanzo 9:20–23, Luka 16:1–13





Tunaposikia redioni au kusoma katika simu kwamba benki fulani imewadanganya wateja wake, au siri za wateja zimetolewa nje, sisi huipokea habari ile kwa namna tatu. Wa kwanza hucheka na kusema, "Hayo ni ya wenye fedha, mimi sina hata akiba." Wa pili huguna, "Dunia imekwisha," kisha akaendelea na chai yake. Wa tatu, na hao ndio wengi, huipeleka habari mbele kwa rafiki ishirini kabla hajaisoma mpaka mwisho. Habari ya Jumatatu inasahauliwa Jumatano. Je, ndivyo Mkristo apasavyo kusikia?

Tuangalie somo la Mwanzo. Nuhu alilewa divai, akalala uchi hemani mwake. Hamu, mwanawe, aliona, akatoka kwenda kuwapasha nduguze habari. Shemu na Yafethi hawakuingia kutazama. Walitwaa nguo, wakaiweka mabegani, wakaenda kinyumenyume, nyuso zao zimegeuka, wakamfunika baba yao.

Angalieni neno hili, ndugu zangu. Hamu hakusema uongo. Habari yake ilikuwa ya kweli. Kosa lake ni kwamba aliichukua habari ya ndani ya hema akaipeleka nje, na nguo ya kumfunika mzee hakuichukua. Watu wengi hujitetea kwa kusema, "Lakini ni kweli!" Habari kuwa ya kweli hakukupi ruhusa ya kuipeleka kila mahali.

Labda mtu atauliza: basi tusitiri kila kitu, hata wizi? Hasha. Mtume Paulo anawaagiza Waefeso (5:11) wasishirikiane na matendo ya giza, bali wayakemee. Kwa hiyo kuna mambo mawili, nasi tusiyachanganye. Uovu unaowadhuru wengine, huo ufunuliwe, hata kama aliyeutenda ni mkubwa. Udhaifu wa mtu, na mambo yake aliyokukabidhi, hayo yasitiriwe, hata kama yeye ni mdogo. Taabu yetu wanadamu ni kwamba tumeyageuza. Tunafunika panapotakiwa kufunua, na tunafunua panapotakiwa kufunika.

Mfano mmoja unajulikana duniani kote. Huko Marekani iko benki iitwayo Wells Fargo. Ilianza mwaka 1852, ikawa maarufu kwa kusafirisha dhahabu na vifurushi vya watu kwa magari ya farasi. Yaani tangu mwanzo kazi yake ilikuwa kutunza mali ya mtu mwingine mpaka ifike salama. Lakini baadaye wakubwa wa benki waliweka shabaha kwamba kila nyumba ya mteja iwe na huduma nane za benki. Makarani walisukumwa kila siku wafikishe idadi, na aliyeshindwa aliogopa kupoteza kazi.

Wakafanya nini? Walichukua majina, anwani na habari za wateja zilizokuwa katika vitabu vya benki, wakawafungulia akaunti na kadi ambazo wenyewe hawakuziomba. Wengine walihamisha fedha za mteja toka akaunti yake ya kweli kwenda ile ya uongo. Wengine walitunga anwani za barua pepe ili mteja asipate habari. Watu wakakatwa ada kwa vitu wasivyovijua. Wahenga walisema, siri ya mtungi aijuaye ni kata. Benki ndiyo kata. Inaingia mpaka chini ya mtungi wa kila mtu. Kata ikiwa mwizi, mwenye mtungi atajuaje?

Mwaka 2013 gazeti la Los Angeles Times lilianza kuyaandika mambo hayo. Septemba 2016 benki ikatozwa faini ya dola milioni 185, na ikajulikana kwamba watumishi wapatao 5,300 walikuwa wamefukuzwa kwa miaka kadhaa kwa sababu ya makosa hayo. Mkuu wa benki aliacha kazi mwezi uliofuata. Mwaka 2017 benki yenyewe ilisema akaunti zilizoshukiwa zafikia milioni 3.5. Februari 2020 ikakubali kulipa dola bilioni 3 na kukiri kwamba mambo hayo yalianza tangu mwaka 2002. Hesabuni wenyewe: zaidi ya miaka kumi. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Basi ndugu, ona jinsi mambo yalivyogeuzwa. Siri za mteja, ambazo zilipasa kusitiriwa, zilitumiwa kama mali ya benki. Uovu wa benki, ambao ulipasa kufunuliwa, ulisitiriwa. Mwaka 2017 Idara ya Kazi ya nchi hiyo iliamuru meneja mmoja, aliyefukuzwa baada ya kutoa taarifa juu ya udanganyifu alioushuku, arudishwe kazini na alipwe dola milioni 5.4. Aliyekuwa mwaminifu ndiye aliyetupwa nje kwanza.

Mtu asiseme, "Hayo ni ya Marekani." Hapa kwetu Afrika Mashariki tumeona mikopo ya simu. Mtu ana shida, mtoto anaumwa, ada ya shule inadaiwa. Anapakua programu ya mkopo, nayo inaomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo katika simu yake. Kwa haraka anakubali. Akichelewa kulipa siku chache, ujumbe unapelekwa kwa mama mkwe wake, kwa mkuu wake wa kazi, kwa mwalimu wa watoto wake: "Fulani ni tapeli, mwambieni alipe." Watu hao hawakumkopesha wala hawakumdhamini. Wameletewa uchi wa ndugu yao mlangoni.

Serikali zetu hazikunyamaza. Kenya ilitunga sheria ya kulinda data mwaka 2019, na mwaka 2023 kampuni moja ya mikopo ilitozwa faini ya karibu shilingi milioni 3 za Kenya kwa kosa la namna hii. Tanzania ilipata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali, ikawaonya wananchi. Tunashukuru. Lakini sheria inamshika mtuma ujumbe tu. Wewe uliyeupokea, ni nani atakayekushika? Hapo ni dhamiri yako mbele ya Mungu.

Maana ujumbe ule hauna nguvu peke yake. Nguvu yake ni wewe. Aliyeutuma anajua kwamba utamwonyesha jirani, mtacheka, na Jumapili mtamtazama ndugu yule kwa jicho jingine anapokwenda kupokea Ushirika Mtakatifu. Wamekufanya wewe kuwa Hamu wao, bila mshahara. Wako Wakristo walioacha kuja kanisani kwa aibu ya ujumbe wa namna hiyo. Hawakukimbia deni lao. Walikimbia macho yetu.

Sasa tuyapime haya katika mambo yetu wenyewe. Bwana wetu katika Luka 16 anasema juu ya wakili aliyeitwa atoe hesabu, kisha anafundisha kwamba uaminifu katika jambo dogo ndio unaoonyesha uaminifu katika kubwa. Sisi hatuna benki, lakini tuna mambo madogo. Mhazini wa kikundi cha kuweka na kukopa anajua nani hajalipa. Wakala wa fedha za simu anajua nani ametumiwa shilingi ngapi na nani. Muuguzi anajua cheti cha mgonjwa. Mzee wa kanisa anajua daftari la ahadi. Kila mmoja wao ni kata katika mtungi wa mwenzake. Na sisi viongozi wa kanisa tujiulize: tunaposoma hadharani majina ya wasiomaliza ahadi zao, tunajenga nyumba ya Mungu au tunawavua nguo maskini wake? Bwana alimsifu mjane kwa senti zake mbili. Hakumwaibisha kwa uchache wake.

Tena tusisahau upande wa pili. Mhazini akila fedha za kikundi, hiyo si siri yake. Ni mali ya akina mama waliouza maandazi alfajiri. Kusema, "Tusimwaibishe, ni mwenzetu," ni kuwavua wengi nguo ili kumfunika mmoja. Aonywe kwanza kama Bwana alivyoagiza katika Mathayo 18: wewe na yeye peke yenu, kisha mbele ya mashahidi, kisha mbele ya kanisa. Vitabu vifunguliwe, hesabu isomwe.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu.

Kwanza, habari ya kashfa ikija, kabla ya kucheka au kuipeleka mbele, jiulize: Ni nani aliyeumizwa hapa? Umwombee.

Pili, ujumbe wa kumwaibisha mdaiwa ukiingia katika simu yako, ufute. Usimwonyeshe hata mwenzi wako. Kisha mwendee ndugu yule kimya kimya, umwulize hali. Kama una kitu, msaidie. Kama huna, keti naye. Nenda kinyumenyume, na nguo mkononi.

Tatu, ukitunza daftari la watu wengine, litunze kama mali ya madhabahuni. Na ukiona lililo ovu katika daftari hilo, usilifiche.

Sote tutaitwa siku moja kutoa hesabu ya uwakili wetu. Yeye atakayetuhesabia anazijua siri zote za mioyo, wala hakuzitangaza barabarani. Alivuliwa nguo zake msalabani ili sisi tuvikwe. Watu waliofunikwa kwa gharama ile wasione uzito kumfunika mwenzao.

Tuombe. Ee Bwana, unayeyajua yote tuliyoyaficha, utupe ujasiri wa kulisema lililo ovu, na upendo wa kulisitiri lililo dhaifu. Uwakumbuke waliodhulumiwa akiba zao na walioaibishwa kwa madeni yao. Utufanye mawakili waaminifu katika lililo dogo, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.