Kura ya Mwanahabari na Imani ya Msomaji

Je, mwanahabari ana wajibu wa kumfichulia msomaji mgombea anayempendelea? Nchini Marekani swali hili limejibiwa kwa namna mbili zinazokinzana. Leonard Downie, mhariri mkuu wa Washington Post kati ya 1991 na 2008, aliacha kabisa kupiga kura ili fikira zake zisiegemee upande wowote. Jarida la Slate, kuanzia 2000, lilichapisha kura za wafanyakazi wake. Mwaka wa 2008 takriban wote walimchagua Barack Obama.

Hoja ya Slate ina uzito: mapendeleo yaliyofichwa hayafi, bali hujipenyeza katika uteuzi wa msamiati na mpangilio wa habari. Hata hivyo, tangu Wayne Booth (1961), wahakiki humtofautisha mwandishi halisi na yule anayedhihirika katika matini. Kuijua kura ya mwandishi si kuisoma kazi yake. Aghalabu huwa kisingizio cha kutoisoma. Nchini Kenya, ambako jina la mwandishi hufasiriwa kuwa kura kabla ya aya ya kwanza kusomwa, ghasia za 2007-2008 zilidhihirisha maafa ya kumhukumu mtu kwa jina lake.

Kinachopaswa kutangazwa, basi, ni kile kinachomfunga mwandishi: malipo, uanachama na umiliki, kama ule uliokuwa wa KANU juu ya Kenya Times kuanzia 1983. Vifungo hivyo huamua hata yasiyoandikwa, nayo matini pekee haiwezi kumfunulia msomaji yaliyonyamaziwa.