Simu Mkononi, Viatu Mguuni: Hija ya Bagamoyo



Kila likizo inapokaribia, mabasi ya vijana huanza kuelekea Bagamoyo. VIWAWA wa parokia hii, TYCS wa shule ile, kwaya, watoto wanaojiandaa na Kipaimara. Na kila mara kabla ya safari hakosi mtu wa kunitumia ujumbe: "Frateri, hivi ni dhambi kupiga picha tukiwa hija?" Jibu langu ni fupi. Si dhambi, piga. Ila naona swali lenyewe ni dogo kuliko jambo linaloulizwa, kwa hiyo leo naomba tukae nalo kidogo. Fungua kitabu cha Kutoka, sura ya tatu.

Musa anachunga mifugo ya mkwewe, Yethro. Anaona kichaka kinawaka moto lakini hakiteketei. Anachojisemea ni kile ambacho mimi na wewe tungesema: ngoja nisogee nikaone hiki kioja. Usiruke hapo. Musa hakwenda kusali. Hakujua kama mahali pale pana Mungu. Alikwenda kushangaa, basi, kama mtu aliyeshuka kwenye basi na kamera shingoni. Na Mungu hakumkemea kwa hilo. Mwandishi anasema wazi kwamba Bwana alimwita baada ya kuona kuwa amegeuka ili atazame. Maana yake asingegeuka, huenda asingeitwa. Kwa hiyo anayewaambia vijana kwamba kupenda kuona mji wa kale ni mambo ya kidunia, amsome Musa upya.

Lakini tazama kinachofuata. Musa anasimamishwa: asisogee zaidi, avue viatu kwanza. Halafu anaambiwa habari ambayo wala hakuifuata. Alifuata moto, anaelezwa kuhusu watumwa. Mungu anamwambia ameona mateso yao, amesikia kilio chao mbele ya wasimamizi wao, na sasa anamtuma yeye, Musa, aende. Hapo utalii wake ukaishia.

Sasa twende Bagamoyo.

Wengi wenu mmeuona ule mbuyu wa misheni. Waongoza wageni wanasimulia kwamba ulipandwa na wamisionari mwaka 1868, na kwamba mama mmoja, Madame Chevalier, alikuwa akimfunga punda wake hapo kwa mnyororo. Miaka ikaenda, mbuyu ukanenepa, ukaumeza mnyororo, na leo kimebaki kipande kidogo tu kinachochungulia kwenye gome. Hicho kipande ndicho kinachopigwa picha kuliko kitu chochote pale. Nimewaona vijana wakikishika na kupiga pozi kama mateka, kichwa chini, mikono imekutanishwa, huku rafiki yake anacheka na kuhesabu moja, mbili, tatu. Picha inaingia mtandaoni: "Mnyororo wa watumwa."

Jamani, ule ni mnyororo wa punda.

Lakini hata ungekuwa wa watumwa kweli, tatizo lingekuwa palepale, tena kubwa zaidi. Ukienda Zanzibar, kwenye eneo la lile soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, utakuta sanamu za watu watano ndani ya shimo, kazi ya Clara Sörnäs, na minyororo shingoni mwao. Pale pia watu wanapozi. Naamini wengi hawana nia mbaya. Wanachokosa ni ile sauti iliyomwambia Musa asimame kidogo.

Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu wa Thagaste, ameliandika jambo hili katika kitabu cha kumi cha Maungamo. Kuna tamaa ya macho, anasema, ambayo si ya kutafuta kizuri. Ni ya kutaka kuona tu, na mfano wake ni watu wanaokwenda kuangalia maiti iliyoraruliwa, ingawa wakiiona wanachukia. (Ukidhani hayo ni ya karne ya nne, kumbuka ajali ya barabarani ya mwisho uliyopita. Simu ngapi zilikuwa juu?) Katika kitabu hichohicho anashangaa jinsi watu wanavyosafiri kwenda kustaajabia vilele vya milima na mawimbi ya bahari, nafsi zao wakaziacha bila kuzitazama. Mshairi wa Kiitalia, Petrarca, alipanda mlima Ventoux kule Ufaransa mwaka 1336 ili tu aone mandhari ya kileleni, akafungua Maungamo aliyobeba mfukoni, akakutana na maneno hayo hayo. Anasimulia kwamba aliteremka kimya. Nilipofundishwa habari hii darasani nilicheka, maana niliiona kama selfi iliyokatizwa.

Niseme kitu kingine, na hiki sikukisoma kitabuni. Mimi ni mtoto wa Mkange. Magari yanayoacha barabara kuu pale Mandera, yakapita Miono kwenda hifadhi ya Saadani, yanapita kwetu. Kwa hiyo mimi nilijua kupigwa picha kabla sijajua kupiga. Unatoka kisimani na ndoo kichwani, gari linapunguza mwendo, kioo kinashuka, kamera inatoka, kioo kinapanda, vumbi. Sijui sura yangu iko kwenye nyumba ngapi huko duniani. Siku moja gari lilipata pancha karibu na kwetu, na wakati dereva anahangaika na jeki, mzee mmoja wa Kizungu akashuka, akatuamkia kwa Kiswahili cha kuokoteza, akatuuliza majina mmoja mmoja na kuyaandika kwenye kidaftari. Ndipo akaomba kutupiga picha. Tulijipanga wenyewe! Kamera pengine ilikuwa ileile ya wale wa kioo. Lakini mzee huyu alitutazama kwanza, na sisi tukapata nafasi ya kumtazama.

Na sasa ambao tuna simu ni sisi. Tukishuka kwenye basi pale Bagamoyo, wavuvi wanaovuta nyavu ufukweni, akina mama wanaokaanga samaki, mzee aliyekaa kwenye baraza ya nyumba ya kale yenye mlango wa nakshi, hao ndio "mandhari" yetu. Hebu tuwaamkie kwanza. "Shikamoo mzee, naweza kukupiga picha?" Akikataa, amekataa. Mlango ni wake.

Turudi misheni. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakitokea Zanzibar. Mji ule ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora: pembe za ndovu mabegani, na watu pia wakipelekwa kuuzwa. Wamisionari waliwakomboa watumwa, wengi wao watoto, wakaanzisha kijiji ambamo waliokombolewa walilima, wakasoma, wakajifunza ufundi, wakaoana na kujenga nyumba. Kutoka hapo Injili ikapanda bara: Mhonda mwaka 1877, Mandera mwaka 1881. Mandera hiyohiyo ninayoitaja kama njia panda. Kanisa la Tanzania Bara lilipoadhimisha miaka 150 ya uinjilishaji mwaka 2018, lilihesabu kuanzia pale.

Basi ukisimama pale, fikiria nani aliyekutangulia kusimama. Mtoto aliyeng'olewa kwao, ambaye hata jina alilopewa na mama yake pengine hakuna aliyeliandika, alisikia mahali hapo kwa mara ya kwanza kwamba yeye ni mwana wa Mungu. Huyo ndiye mzee wetu katika imani. Ubatizo wako na wangu umepita mikononi mwa watu kama yeye. Halafu wewe unamwigiza kwa mnyororo wa punda ili upate laiki?

Kuna mnara pia, uliobaki wa kanisa la kwanza. Unaitwa Mnara wa Livingstone. Huwa natabasamu kidogo: mnara wa Kikatoliki umebeba jina la Mprotestanti aliyefika pale akiwa marehemu. Alifariki Mei 1873 kwa Chitambo, katika nchi inayoitwa leo Zambia. Watu wake wakauzika moyo wake huko, wakaukausha mwili, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500, na Februari 1874 ukafika Bagamoyo na kulazwa misheni kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar na Uingereza. Waliouongoza msafara huo ni Chuma na Susi. Chuma mwenyewe alikuwa ameokolewa kwenye msafara wa watumwa akiwa kijana mdogo, mwaka 1861.

Mwaka huohuo wa 1874 Chuma na Susi walipelekwa Uingereza. Walichelewa maziko, Livingstone alikuwa ameshazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili. Lakini ipo picha yao iliyopigwa Newstead Abbey, karibu na Nottingham, jumba ambalo zamani lilikuwa monasteri ya Wakanoni wa Mtakatifu Augustino kabla ya Mfalme Henry VIII kufunga nyumba za watawa. Ni watu wa upande wetu wa dunia ndani ya jengo la kale la Ulaya, wakiwa na mchungaji Horace Waller, ambaye walimsaidia kuandaa shajara za mwisho za Livingstone. Naipenda picha ile kwa sababu moja: wanajulikana kwa majina. Mamia ya Waafrika wa karne ile wamebaki kwenye picha wakiitwa "mpagazi" au "mtumishi". Hawa wawili ni Chuma na Susi. Na Susi, aliporudi, alibatizwa Zanzibar mwaka 1886, akachagua kuitwa Daudi.

Baadhi yenu mtafika Ulaya, kwa masomo, kwa Siku ya Vijana Duniani, au Mungu akipenda kwa kazi. Mtaingia makanisa yenye umri wa miaka mia nane ambayo wengine hulipia kiingilio. Pale Roma, katika Kikanisa cha Sistina, kupiga picha kumekatazwa, na walinzi hawachoki kupaza sauti. Wengine hulalamika. Mimi naona ni zawadi: mahali pamoja duniani ambapo umelazimishwa kutumia macho yako mwenyewe. Papa Fransisko aliligusia hili katika katekesi yake ya Novemba 2017, alipohuzunika kuona simu zikiinuliwa wakati wa Misa, hata na mapadre na maaskofu, ilhali kinachoombwa kuinuliwa ni mioyo. Huko Bagamoyo napo, kanisa kubwa lililojengwa kati ya mwaka 1910 na 1914 lina tabernakulo. Taa nyekundu ikiwaka, Mwenye nyumba yupo. Piga goti kwanza, dari utalikuta bado lipo.

Sasa unifanyie hivi, au uboreshe upendavyo. Ninapoongozana na kundi, saa ya kwanza simu zinakaa kwenye mabegi. Zote, hata ya frateri. Tunaanzia kwenye msalaba wa ufukweni, tunatembea polepole chini ya miembe hadi kanisani, tunasali fumbo moja moja la rozari. Tukifika tunakaa mbele ya Ekaristi kimya. Mara ya kwanza dakika kumi zilionekana kama mwaka, watu wakakohoa, wakajikuna. Kisha tunakwenda kwenye makaburi ya wamisionari na kila mmoja anachagua jiwe moja, anasoma kwa sauti jina na miaka, na kumwombea aliyelala hapo pamoja na wale ambao hawakuandikiwa jiwe. Baada ya hapo simu ziko huru. Na cha ajabu, picha za saa ya pili huwa tofauti. Watu wanapiga vitu: bawaba ya mlango, mkono wa mzee anayefagia, kivuli cha mnara. Wanaandika majina chini ya picha. Kuhusu mnyororo sijawahi kuhitaji kumkataza mtu. Wakishatoka makaburini, wanaupita.

Kwenye safari moja, msichana wa kidato cha sita alichagua jiwe la mmisionari aliyefariki kabla ya kutimiza miaka thelathini, kama wengi wa wenzake, kwa homa. Alitoa maua yaliyokauka, akafuta majani kwa kanga yake, akahesabu miaka kwa vidole. Akaniuliza: "Frateri, huyu alijua atakufa mapema hivi, na bado akapanda meli?" Nikamwambia walijua, waliotangulia walikuwa wameshazikwa hapo hapo, na barua zilikuwa zinafika kwao. Akanyamaza. Wenzake walikuwa wameshapanga mistari kwa picha ya pamoja wanamwita, dereva naye anapiga honi kwamba giza linaingia. Alikuwa bado amechuchumaa pale, viatu kavivua, simu iko begani ndani ya mkoba, haijatoka.